Aliyelowesha Kiti

Mimi ni fundi makochi, na pua ndiyo kifaa changu cha kwanza. Niletee kochi kuukuu, na kabla sijalichana kitambaa nitakuambia kama mwenyewe ana mtoto mchanga, kama ni mvutaji, au kama panya wameshahamia ndani ya sponji. Kwa hiyo siku niliyoingia sebuleni kwangu mwenyewe nikapokewa na harufu ya mkojo, sikuhitaji kuelezwa na mtu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha dirishani, kile nilichomtengenezea mama mkwe alipohamia kwetu, nikabonyeza mto kwa kidole gumba. Ukatoa maji.

"Meneja!" nikafoka.

Meneja ni mbwa wa mama mkwe. Jina lake la mwanzo tumelisahau; hilo nilimpa mimi, kwa sababu tangu afike, kazi yake ni kukaa mlangoni mwa karakana yangu asubuhi hadi jioni, akiwatazama wanaofanya kazi huku yeye hagusi kitu. Nikipumzika kidogo ananitolea macho. Ni dume la kahawia, limeshaanza kuota mvi kidevuni, sikio moja limesimama na jingine limelala. Alikuja na mama mkwe baada ya baba mkwe kufariki. Mama alikubali kuacha nyumba, akaacha vyombo, akaacha hata kitanda chake, lakini mbwa alisema hamwachi. Mke wangu alinivuta pembeni akaniambia, "Mama bila yule mbwa hatufikishi naye mwaka." Nikakubali. Nilikuwa nimeshamwona mama akiongea naye kibarazani, akimsimulia habari za marehemu, na mbwa amemkazia macho kama shahidi.

Meneja ana tabia moja iliyommaliza. Mama mkwe akinyanyuka tu kitini, yeye anapanda kulala penye joto. Sasa niambie, hakimu gani angemwachia huru? Kiti kimelowa, mbwa yuko juu yake, na uso ameuweka wa mtu asiyejua lolote.

"Labda anaumwa," mke wangu alisema.

"Anaumwa jeuri," nikamjibu.

Nikakata kauli. Kuanzia siku ile Meneja alale karakanani, na bakuli lake la maji liondolewe kila alasiri, kwa sababu asiyekunywa hakojoi. Niliona nimetoa hukumu ya busara kabisa. Mama mkwe hakubisha. Aligeuza uso dirishani, na nilipoona anajifuta macho kwa upindo wa kitambaa cha kichwani, nilidhani anamhurumia mbwa wake.

Hapa lazima nieleze jinsi tulivyoishi mimi na mama mkwe. Tuliheshimiana mpaka tukachoshana. Mimi sikuwahi kukanyaga chumbani kwake, na yeye hakuwahi kuvuka kizingiti cha karakana. Akiwa sebuleni, mimi sivui viatu vyangu mbele yake. Neno "choo" halikutamkwa baina yetu. Yeye alisema anakwenda kunyoosha miguu, nami nilisema nakwenda kutazama geti. Mke wangu, ambaye ni mwalimu na hana subira na mambo hayo, alikuwa akituangalia anacheka peke yake. "Mnaishi kama mabalozi wa nchi mbili," alisema.

Basi mto ulifuliwa, ukaanikwa, ukarudishwa. Mama mkwe alikataa katakata mtu mwingine asiuguse. Alifua mwenyewe, akiinama kwenye beseni na mgongo wake mbovu. Haikupita wiki, harufu ikarudi. Sasa mtu mwenye akili angejiuliza, mbwa anayelala karakanani amekilowesha vipi kiti cha sebuleni? Mimi nilijijibu haraka: anapenya mchana. Nikamkazia Meneja macho, naye akainamisha kichwa, nikaona hiyo ndiyo dalili ya hatia.

Mke wangu aliondoka kwenda mji mwingine kusimamia mitihani, tukabaki sisi wawili na mbwa. Na hapo ndipo Meneja alipoanza kuharibika.

Asubuhi moja hakuja mlangoni. Nilimkuta nyuma ya karakana, kwenye ukuta, ameinua mguu. Nikaingia ndani, nikakata kitambaa cha mkono mmoja wa kochi, nikatoka. Bado ameinua mguu, mwili unamtetemeka. Akaushusha, akasogea hatua chache, akauinua tena. Hakuna kilichotoka. Kisha akachuchumaa kama jike, akajikamua mpaka mgongo ukapinda, akageuka kujilamba kwa haraka haraka. Nikasema, ah, choo kimemkaza, atapona. Nilimwekea chakula, akakinusa akaondoka. Ilipokaribia saa sita akatapika povu kwenye maranda ya mbao, akalala hapo hapo, hata mkia hakuweza kuutikisa nilipomwita.

Sasa ikanigusa. Nifoke nisifoke, yule mbwa nilikuwa nimemzoea. Nikaenda sebuleni, karibu na dirisha ambako simu inashika vizuri, nikampigia daktari wa wanyama ambaye jirani yangu humpelekea mbwa wake. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mto ukiwa bado umeanikwa nje, na sikio lake kwangu.

"Anakula?" daktari akauliza.

"Hali."

"Anatapika?"

"Ametapika."

"Anakojoa?"

Nikacheka kwa uchungu. "Daktari, huyo! Huyo ndiye bingwa. Asubuhi hii hii nimekuta kiti kimelowa chapachapa. Mkojo si tatizo lake, tatizo lake ni mahali."

"Sawa," akasema. "Kama mkojo unatoka vizuri, inaweza kuwa tumbo. Mlete kesho asubuhi nimtazame. Lakini nisikilize: ukiona anajikamua na hakitoki kitu, au yanatoka matone tu, usingoje kesho. Mlete hapo hapo."

Nikamshukuru, nikakata simu, nikamwambia mama mkwe, "Kesho asubuhi tutampeleka, mama. Usiwe na wasiwasi." Nilirudi kazini, kwa sababu kulikuwa na kochi la rangi ya maziwa la mteja wa kuogopwa, limeshapakiwa kwenye pikapu, limebaki kupelekwa, na mimi nilikuwa namalizia kipande cha kuegemeza miguu.

Nilikuwa nimeshika stepla, nabana kitambaa kwenye fremu, nikahisi mtu mlangoni. Nikainua macho. Mama mkwe alikuwa amesimama ndani ya karakana yangu, juu ya maranda, na ndala zake za ndani miguuni.

"Baba," akaita.

"Naam, mama. Karibu. Ngoja nikutafutie mahali..."

"Sikai. Yule mbwa mpeleke leo."

"Daktari amesema kesho, mama. Amesema madhali mkojo unatoka..."

"Hautoki."

"Unatoka, mama. Si asubuhi hii kile kiti..."

"Kile kiti ni mimi."

Stepla ikafyatuka yenyewe, pini ikazama kwenye meza. Sikujua nitazame wapi. Nilitazama pini.

"Ni mkojo wangu, baba," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini hakuisitisha, kama mtu aliyejisemea maneno hayo njia nzima ili yasimpotee. "Unanitoka nikisinzia. Siku nyingine hata nikiwa macho, nikikohoa tu. Ulipomfokea mbwa, nikanyamaza. Nikasema moyoni, yeye ni mbwa, haoni aibu. Lakini kiu alikuwa anaisikia. Nilikuwa namwibia maji, nampelekea kwenye kikombe changu. Na tangu jana mchana hajakojoa hata tone, mimi ndiye ninayemtazama. Sasa atakufa, na atakufa kwa sababu mimi nimeshindwa kusema neno moja."

Nimeona watu wakisema mambo mazito, nimekaa misibani, nimesikiliza kesi za ndoa za wadogo zangu. Sijaona ushujaa kama ule. Mwanamke aliyekuwa haniambii hata kwamba anakwenda chooni, alikuja kwenye karakana yangu kunitajia mkojo wake, ili mbwa aishi. Nilimpenda siku ile kama ninavyompenda aliyenizaa, na sioni haya kuliandika hilo.

Nilitaka kumwambia kitu cha kumtuliza. Kilichonitoka ni, "Mama, vaa viatu vya kutokea."

Nilimpigia daktari, simu ikaita bila kupokelewa. Nikaacha. Nikambeba Meneja mikononi. Tumbo lake lilikuwa limevimba upande wa chini, na nilipoligusa alinguruma, yeye ambaye hajawahi kumngurumia mtu. Kiti cha mbele cha pikapu kilikuwa kimejaa mito na vifaa. Sikuwa na muda wa kupakua. Nikamlaza nyuma, juu ya kochi jipya la mteja.

Mama mkwe alitazama lile kochi na weupe wake. "Mimi nitakaa chini hapa pembeni," akasema. "Hili kochi la watu, baba. Unajua hali yangu."

"Kaa juu, mama, umshike kichwa. Sponji ninazo, kitambaa ninacho, na fundi ni mimi."

Akapanda. Basi tukaenda hivyo, barabara kuu, mchana kweupe: mimi kwenye usukani, na nyuma yangu bibi kizee ameketi wima kwenye kochi la rangi ya maziwa, kitambaa kichwani kinapepea, kichwa cha mbwa mapajani. Penye foleni watu walitugeukia. Mmoja akapiga kelele, "Shikamoo malkia!" Kwenye kioo nilimwona mama mkwe akimwitikia, "Marahaba," bila kugeuza shingo, mkono wake haujaacha kumpapasa Meneja sikio lile lililolala.

Kwa daktari palikuwa na watu wakingoja kwenye mabenchi. Kulikuwa na mama mwenye paka ndani ya kikapu, bwana wa suti aliyempakata mbwa mdogo kama mtoto, na vijana wawili wenye mbuzi. Daktari mwenyewe alitoka mara tu aliposikia Meneja akilia. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana na sauti ya kuamrisha. Nikamweleza kwa ufupi, akanikumbuka.

"Wewe ndiye ulinipigia? Si nilikuambia kesho?"

"Hali imebadilika, daktari. Anajikamua, hakitoki kitu."

"Ngoja kwanza." Alikuwa ameshainama, anamtazama Meneja ufizi. "Uliniambia asubuhi amelowesha kiti. Sasa unasema hakitoki. Nataka kujua hasa, maana dawa ya kwanza na ya pili si moja. Leo amekojoa au hajakojoa?"

"Hajakojoa. Tangu jana."

"Na kile kiti?"

Benchi zima lilikuwa linasikiliza. Hata mbuzi alikuwa ametulia. Nikamsikia mama mkwe ubavuni mwangu akivuta pumzi, vidole vyake vikashika shati langu kwa nyuma. Nikajua analisema tena. Angelisema, yule mama, mbele ya suti na kikapu na mbuzi, kwa sauti ile ile asiyoisitisha. Na mimi nikaona mara moja inatosha kwa mtu mmoja.

"Kiti ni mimi, daktari," nikasema.

"Wewe?"

"Mimi. Unanitoka nikisinzia. Nikamsingizia mbwa."

Bwana wa suti alikumbuka ghafla kwamba ana simu, akainamia kuisoma. Mmoja wa wale vijana akajiuma midomo. Masikio yangu yalikuwa ya moto, lakini nilikaza uso kama mtu anayetaja anwani yake. Daktari hakucheka. Alinitazama kidogo, akasema, "Afadhali umesema. Mleteni ndani."

Alimpapasa tumbo Meneja juu ya meza ya bati, akaniita nishike mwenyewe. Kibofu kilikuwa kigumu kama chungwa bichi. "Kimejaa hadi pomoni," akasema. "Mlango umezibwa. Kikikaa hivi, sumu inarudi mwilini, figo zinaanguka, moyo unafuata. Kesho asubuhi ungeniletea mzoga." Akamchoma sindano ya kumlegeza, akapaka mafuta mrija mwembamba, akaanza kuupitisha taratibu. Ukakwama. Akasukuma maji kwa bomba la sindano, akajaribu tena, ukakwama tena. Mama mkwe alikuwa ameinamisha kichwa karibu na sikio la Meneja, anamnong'oneza, na nilisikia jina la marehemu mumewe likitajwa, nadhani akimwomba asimchukue na huyu pia.

Kisha mrija ukaingia. Ulitoka mkojo mweusi mweusi wenye damu, ndani ya beseni, ukaendelea kutoka, na chini yake vikatua vipande vidogo kama changarawe. Meneja alishusha pumzi ndefu mpaka mbavu zikalala. Mimi, niliyemhukumu kwa ajili ya mkojo, nilisimama pale nafurahia mlio wa mkojo kwenye beseni kama mtu anayesikia mvua baada ya ukame. Mama mkwe alilia waziwazi wala hakujifuta.

"Ni mawe," daktari akasema, akiosha mikono. "Yanajengeka kibofuni, moja likitoka linakwama njiani. Dume ana njia nyembamba, ndiyo maana kwake ni hatari zaidi. Atabaki hapa. Nitampiga picha nione yaliyobaki, na huenda tukamfanyia upasuaji, lakini kwa leo amepona kufa."

"Daktari," nikasema, "mimi nilikuwa namnyima maji jioni."

"Usimnyime mbwa maji hata siku moja. Mawe haya hayakujengeka kwa juma moja, kwa hiyo usijitundike. Lakini mkojo ukiwa mzito mawe hushamiri. Na nisikilize, kwa ajili ya mbwa wote utakaowafuga. Mbwa mwenye adabu zake akianza ghafla kulowesha ndani, hafanyi jeuri. Anaumwa. Inaweza kuwa maambukizi, inaweza kuwa sukari, figo, au misuli imelegea kwa uzee. Huyo mlete mapema, mengi yana dawa. Ukiona damu, au anakunywa maji kupita kawaida, mlete. Lakini anayejikamua na hakitoki kitu, kwa huyo neno kesho lifute kabisa."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilidhani amemaliza. Akajifuta mikono, akanigeukia mimi mwenyewe.

"Na wewe, baba."

"Mimi?"

"Habari ya kile kiti. Mtu wa umri wako mkojo kumtoka usingizini si jambo la kukaa nalo. Unatibika. Kuna mazoezi, kuna dawa, wakati mwingine ni maambukizi madogo tu. Ubaya wake watu wanaona haya, wanaficha, wanaacha kunywa maji, wanaacha hata kutembelea ndugu. Usijifungie. Nenda hospitali."

"Nitakwenda, daktari," nikasema, kwa unyenyekevu.

Nikasikia kitu kinatetemeka pembeni. Mama mkwe alikuwa ameshika ukingo wa meza, mabega yanaruka. Nikadhani kilio kimerudi, nikamshika mkono. Kumbe anacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka tangu azike mume wake. Ni kicheko kikubwa, cha kifuani, kinaanza na kukwama kama pikapu yangu asubuhi. Daktari akatutazama kwa zamu, haelewi. Mama mkwe akajaribu kusema, akashindwa, akajaribu tena.

"Daktari," akasema akihema, "choo kiko wapi? Upesi, mwanangu."

Nilimngoja nje, kando ya pikapu. Alipotoka alikuwa amejifunga upya kitambaa chake kichwani, na uso umemtakata. Nilikuwa nimehamishia mito nyuma, nikamfungulia mlango wa mbele. Akaketi, akanyoosha nguo magotini, akangoja niwashe gari.

"Umejiaibisha mbele ya watu," akasema.

"Watu wenyewe siwajui, mama."

"Yule bwana wa suti alionekana mtu wa kununua makochi. Umempoteza."

"Acha apotee."

Tukaingia barabara kuu. Nilikuwa na neno la kumwambia: kwamba yale aliyoyasema daktari hayakuwa yangu, na kwamba atakapokuwa tayari, mimi au binti yake tutampeleka, hata leo. Niligeuza sentensi ile kila upande, sikuona mkwe anaanzaje kumwambia mkwe wake. Nikakohoa kidogo kusafisha koo. Yeye akaniwahi.

"Kesho uamke mapema," akasema, akitazama barabara.

"Tuje kumwona Meneja?"

"Meneja baadaye. Kwanza hospitali. Si umeambiwa na daktari uende?"

Nikageuka kumtazama. Hakuwa anacheka tena. Mikono ilikuwa imeshikana mapajani.

"Nimeambiwa, mama," nikasema.

"Basi. Ugonjwa wenyewe huo una aibu, peke yako hutaweza. Nitakusindikiza."